Viti vya Ghorofa ya Sita

Tarehe 4 Machi

Mke wangu mkubwa,

Mimi mzima, kichwa tu ndicho kinachoniuma kwa kusoma, na tayari nakusikia ukisema ni vizuri kimepata kazi. Wewe je, na hayo magoti? Mama anasema lifti ya jengo lenu bado haijatengenezwa, na kwamba unapanda mpaka ghorofa ya sita kwa miguu na hutaki mtu akushike mkono.

Ningekupigia simu, lakini mtu aliyefanya kazi ya kuunganisha simu za watu tangu usichana mpaka kustaafu ana haki ya kuichukia. Kwa hiyo naandika, na mwandiko wangu unaujua, jikaze usome.

Nina shida na wewe. Huku chuoni mwalimu wangu wa sosholojia ametupa kazi. Kila mwanafunzi achague jambo moja linalotokea kati ya watu, kisha achukue nadharia tatu azipime kwa jambo hilo: ipi inalieleza vizuri, ipi inalieleza nusu, ipi inajitia kujua tu. Wenzangu wamechagua mambo mazito, uchaguzi, talaka, watu kuhama makwao. Mimi nikakumbuka malalamiko ya mama: kwamba tangu lifti iharibike, wapangaji ambao miaka yote walikuwa hawasalimiani sasa wanakaa mbele ya mlango wako wanapiga soga mpaka birika linakauka. Yeye analalamika kwamba hupumziki. Mimi nikasema hapohapo, nimepata.

Niambie ilivyoanza na nani anakuja. Usitie chumvi, hii ni sayansi.

Na jambo la pili: mama amenituma nikushawishi uhamie kwake. Chumba kimeshapakwa rangi. Haya, ujumbe umefika, mjumbe asipigwe.

Mumeo mdogo,
Profesa
(jina ulilonipa wewe, huku bado hawajalisikia)


Tarehe 15 Machi

Mume wangu,

Barua yako imenifikia bila mimi kushuka. Nesi wa ghorofa ya saba ndiye aliyeipandisha, akaichomoa kwenye mfuko wa sare yake kama dawa, akaniambia, "Mama wa Sita, mzee wako ameandika." Ndivyo wanavyoniita sasa, Mama wa Sita. Na wote wanajua kwamba nina mume mwanafunzi.

Hakuna aliyepanga kitu, andika hivyo kwenye sayansi yako. Lifti ilikufa, mwenye jengo akasema fundi anakuja kesho, na hiyo kesho yake tumeizeekea. Mwanzoni watu walipita hapa wakitweta, hata salamu hawana pumzi ya kuitoa. Mimi nilikuwa nimetoa kiti kimoja nje nipate hewa. Akapanda Fundi Saa, jirani wa Nesi hukohuko ghorofa ya saba, amekamata chuma cha ngazi kwa mikono miwili, uso umebadilika rangi. Nikainuka nikamkalisha. Akakaa, akapumua, akaniambia saa ya ukutani kwangu iko nyuma. Nikamwambia na wewe uko nyuma, majirani miaka yote hii na leo ndiyo unasema neno. Tukacheka.

Kesho yake nikatoa viti viwili. Kisha akaja Mama Mapacha wa ghorofa ya tisa, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na mifuko ya sokoni juu yake. Nikatoa cha tatu na cha nne, na kigoda cha watoto. Sasa viti vyote vya meza yangu ya chakula viko nje na ninakula nimesimama kama mlinzi. Sijali. Unajua ile ngurumo juu ya dari ambayo nilikuwa nikidhani ni watu wanahamisha makabati? Ni Nesi anacheza muziki na kuruka akitoka kazini. Mtu mzima na heshima zake. Nimeishi chini ya furaha ya mtu na kila siku nilikuwa naipigia dari ufagio.

Kuhusu mama yako. Alipokuja mara ya mwisho, asubuhi watu wako kazini, nikamsimulia, akaniambia, "Mama, hawa wanakaa kwako kwa sababu wamechoka. Lifti ikipona hutamwona hata mmoja." Iliniuma, na mimi nikiumwa mdomo hunitangulia. Nikamwambia sawa, lifti ikipona na watu wakaacha kuja, njoo mwisho wa Juni na sanduku lako unichukue, sitabisha. Nimejifunga mwenyewe. Mama yako ni mwema na chumba chake najua ni kizuri. Lakini sitaki kuhama, mume wangu. Nakuambia wewe tu. Hapa najua kila mlio, bomba la nani linalia na mlango wa nani unakwama. Kule nitakuwa mgeni anayeletewa chai.

Na leo fundi wa lifti amekuja. Amefungua, amekuna kichwa, amekwenda kununua kipuri.

Mkeo,
Mama wa Sita


Tarehe 27 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu wakavunjika mbavu kwa habari za Nesi. Yule wa talaka ameomba tubadilishane mada.

Sasa sikiliza, nikueleze nadharia zangu kabla sijaziandika vizuri. Nikikuchosha, piga dari.

Ya kwanza inaitazama jamii kama mwili: kila kiungo kina kazi yake. Hiyo inasema watu waliopangwa mmoja juu ya mwingine kama nyinyi wana haja ya mahali pa kukutana, na lifti ilikuwa imeificha haja hiyo. Viti vyako vimeziba pengo. Kama iko sawa, lifti ikipona haja itabaki palepale, na watu wataendelea kuja kwako au watapata mahali pengine.

Ya pili inauliza nani ana nguvu na nani hana. Hiyo inasema mmeungana kwa sababu ya mwenye jengo, anayekaa nyumba ya chini huko kwake na hapandi ngazi. Adui mmoja amewafanya kitu kimoja. Kama iko sawa, siku lifti inapona adui ameondoka, na kila mtu anarudi kwake anafunga mlango.

Ya tatu ina mambo madogomadogo. Haitazami jengo, inachuchumaa inaangalia mikono na nyuso. Inasema watu hawafuati vitu vyenyewe, wanafuata maana wanayovipa vitu hivyo. Sijajua nifanye nayo nini. Nimeiweka mwisho kwa sababu inaonekana dhaifu.

Mwalimu wetu ni mwanamke mfupi wa sauti ya chini, na kila tukimpelekea karatasi anauliza swali lilelile: "Ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea?" Ukikosa jibu anakurudishia karatasi bila kuisoma. Wengi wetu tunarudishiwa.

Kwa hiyo lifti yenu ikipona ndiyo mtihani wangu. Wewe na mama mmewekeana dau juu ya swali lilelile ninaloliandikia. Ndipo tutajua kama walikuwa wanakuja kupumzika au walikuwa wanakuja kwako. Mimi nasema wanakuja kwako, lakini mimi si shahidi mzuri, nimeoa humo.

Profesa


Tarehe 22 Aprili

Mume wangu,

Lifti imepona. Imepakwa mafuta, inapanda na kushuka, hata hailii. Siku ya kwanza watu walipiga makofi huko chini, nami nikapiga huku juu.

Mimi nimefanya usafi. Nimefagia mbele ya mlango, nimepiga deki, nimeviosha viti nikaviingiza ndani, meza yangu sasa ina adabu. Nakula nimekaa. Kuna viti vinne na mimi ni mmoja, kwa hiyo nazunguka, leo hiki, kesho kile, visioneane wivu.

Hajaja mtu. Lifti ikipita ghorofa yangu bila kusimama inatoa pumzi, kama mtu aliyekumbuka kitu. Masikio yangu unayajua, miaka yote ile na vile vifaa kichwani. Nawasikia mapacha wakicheka ndani ya ukuta, kicheko kinatoka chini, kinapita hapa, kinakwenda juu. Nesi nilikutana naye langoni, akanisalimia vizuri, akaangalia chini. Fundi Saa sijamwona kabisa.

Basi nadharia yako ya pili imeshinda, ipe hongera. Na mama yako umpe pia. Nimemwambia kitanda akiweke upande wa dirisha.

Mimi sijambo, usinihurumie. Kula vizuri, usisome kwenye mwanga mdogo. Saa ya ukutani imesimama kabisa.

Mkeo


Tarehe 30 Aprili

Mzee wangu Fundi Saa,

Shikamoo. Hunifahamu, lakini mimi nakufahamu vizuri kwa barua za bibi yangu, Mama wa Sita. Mimi ndiye yule mume mwanafunzi.

Naomba radhi kukusumbua. Bibi ameniandikia kwamba tangu lifti ipone hakuna anayefika kwake. Anajitia hajali, na ukimjua kidogo utajua maana yake. Sikuombi umtembelee. Ningependa kukuomba, lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimeharibu kila kitu, na akijua atanikataa mbele ya watu. Nauliza tu, kama mtu anayesoma: kulitokea nini? Mlikosana? Naomba uniambie ukweli hata kama si mzuri.

Mjukuu wako kwa heshima,
Profesa


Tarehe 8 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi kuandika si kazi yangu, mikono yangu imezoea vitu vidogo, utanisamehe.

Hatukukosana na mama. Ni hivi. Ile siku lifti inapona, nilishuka asubuhi nikaviona viti vyote vinne palepale mlangoni. Niliporudi jioni nikaambiwa na Mama Mapacha, umeona, Mama wa Sita ameingiza viti. Na sakafu imefagiwa, imepigwa deki, iko kavu, hakuna hata kile kigoda. Tukasimama pale kidogo. Mlango umefungwa. Nesi akasema, jamani, mama wa watu tumemchosha. Ametuvumilia miezi yote ile, chai yake, sukari yake, makelele yetu, sasa lifti imepona amepata nafasi ya kupumua, na sisi hatuoni. Mama Mapacha akaona haya sana, maana wanawe walimwagia chai mkeka wake. Tukakubaliana tumwache apumzike.

Mimi niligoma kidogo. Nikasema tugonge tumuulize. Nesi akaniuliza, ukimuuliza mtu mwema kama umemchosha, atakujibu nini? Nikapanda zangu kwangu.

Mlango wa lifti yetu una kioo chembamba, unaona kila ghorofa ikipita. Tukifika sita wote tunaangalia nje, kama viti vimerudi. Havijarudi.

Najua saa yake imesimama. Kwa ngazi ilikuwa inasikika mpaka kwangu. Inanikera.

Babu yako,
Fundi Saa


Tarehe 12 Mei

Mke wangu mpenzi,

Kabla hujanipiga, nakiri: nimemwandikia Fundi Saa. Nilimuuliza tu, sikumtuma kitu.

Viti, Bibi. Ni viti. Wewe uliviingiza, wao wakaviona vimeingia, wakasema Mama wa Sita amechoka nasi, tumwache apumue. Nesi akaona haya, Mama Mapacha akaona haya zaidi kwa sababu ya mkeka. Kila siku wanapita na lifti wanaangalia kupitia kile kioo kama umevirudisha. Wewe umekaa ndani unasikiliza lifti, na wao wamo ndani ya lifti wanakuangalia.

Nimeandika upya karatasi yangu yote. Ile nadharia ya pili nilikuwa nimeivisha taji. Ilitabiri watarudi makwao, na wamerudi. Lakini walirudi kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo imepata jibu sahihi kwa hesabu ya mtu mwingine. Sijaitupa, maana bila hiyo siwezi kueleza kwa nini mwenye jengo aliwaacha mpande ngazi miezi yote ile. Ya kwanza ilisema haja itabaki, na nadhani imebaki, ila haikujua haja inaweza kukaa kimya ndani ya lifti. Ile niliyoiita dhaifu ndiyo iliyoniuliza viti viko wapi. Kiti kilicho nje ya mlango kinasema karibu. Ukikiingiza kimesema neno jingine, hata kama wewe mwenyewe hukulisema.

Basi vitoe. Leo. Hata kabla hujamaliza barua hii.

Profesa wako


Tarehe 21 Mei

Kwa mwanafunzi,

Leo sikuiti mume wangu. Umenichunguza nyuma ya mgongo kwa jirani yangu, na jirani mwenyewe ni Fundi Saa, mtu ambaye hawezi kuficha kitu hata usoni.

Nimesoma habari za viti mara nyingi. Nimekaa kwenye hivyohivyo viti nikisoma. Unataka kujua kwa nini niliviingiza? Kwa sababu yako. Uliandika kwamba lifti ikipona tutajua kama wanakuja kupumzika au wanakuja kwangu. Nikajiuliza, sasa nikiviacha nje nitajuaje? Atakuja mtu, atakaa, nami sitajua amekuja kwa Mama wa Sita au amekuja kwa makalio yake. Ulisema ni sayansi. Nikaona mtihani uwe safi. Nikaviondoa viti, nikabaki mimi.

Nilitaka mmoja tu. Agonge, asimame kwa miguu yake, aseme nilikuwa napita. Nisingemwacha asimame, unanijua. Lakini nilitaka nione amegonga bila kiti.

Sasa unaniambia nivitoe. Nikivitoa sasa hivi nimekuwa naomba. Watasema masikini, mama ana upweke, twendeni tukamkalie. Watakuja kwa huruma, na huruma mimi naijua, ina namna yake ya kukaa pembeni ya kiti. Sijawahi kumwomba mtu anipende na sianzi uzeeni. Mlango wangu una kengele. Anayetaka ataibonyeza.

Nawakumbuka. Haya, umelitaka neno hilo na umelipata. Nakumbuka hata yale makelele. Jana niliipiga dari ufagio ili Nesi ajue nipo, naye akazima muziki.

Nimeanza kukunja nguo za baridi. Mama yako anakuja tarehe ishirini na saba ya mwezi ujao.

Bibi yako


Tarehe 29 Mei

Bibi yangu,

Nimekubali, leo mimi ni mjukuu tu.

Karatasi yangu imerudi. Mwalimu ameisoma yote, jambo ambalo huku ni sawa na kupewa ng'ombe. Mwishoni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ulimweleza bibi yako jaribio kabla halijafanyika. Unafikiri alikaa tu akilisubiri?" Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo, na wiki hiyohiyo ikaja barua yako. Niliandika kurasa nzima kuhusu maana ya viti na sikuwa nimemuuliza mwenye viti. Nadharia zote tatu zinaongelea watu kama vile watu hawasikii. Wewe ulisikia, ukaenda ukafanya sayansi, na ukaifanya kwa bidii kuliko mimi. Nisamehe. Neno langu ndilo lililoingiza viti vile ndani.

Lakini niruhusu nikuulize swali la mwalimu. Ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea? Wewe una nadharia yako, kwamba hawakuja kwa ajili yako. Wasipokuja, iko sawa. Ukitoa viti wakaja, utasema wamekuja kwa viti. Ukiwaita wakaja, utasema huruma. Hata wakigonga leo, utasema Profesa amewaandikia. Nimekaa nimefikiri, sioni kitu ambacho binadamu yeyote wa jengo hilo anaweza kufanya ukakubali kwamba anakupenda. Mwalimu angekurudishia karatasi, Bibi.

Na wao wanasubiri viti. Mmefungiana mtihani, na hakuna upande uliojua kwamba unafanyiwa.

Mimi nakupenda hata nikiwa nimesimama. Lakini mimi niko mbali, na sihesabiki, ni damu yako. Mama pia anakupenda, kwa njia yake ya masanduku na rangi za kuta. Ukihama sitakulaumu na sitaandika neno. Ila nitajua kwamba ulihama kwa sababu ya barua yangu moja, na nitakuwa nalijua hilo maisha yangu yote.

Kiti kimoja tu. Kama hutaki kukiita karibu, kiite vyovyote.

Mjukuu wako


Tarehe 28 Juni

Mume wangu,

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, kisha nikawa na kazi. Tuanzie kwenye hasira.

Barua yako ile niliiweka chini ya birika siku kadhaa. Kila nikichemsha maji naiona. Mwisho nikatoa kiti kimoja. Nilikichagua kile chenye mguu uliolegea, ili mtu akiniuliza niseme kinamsubiri seremala. Usicheke. Nikafunga mlango, nikakaa ndani nimetega sikio.

Lifti ikapanda, ikapita, ikatoa ile pumzi yake. Nikasema si unaona. Ikapanda tena na tena, ikapita. Siku hiyo ikaisha hivyo. Kesho yake vilevile mpaka mchana, nami nikawa nimeshainuka kwenda kukiingiza. Mkono uko kwenye kitasa. Ndipo nikasikia lifti imepita kwangu, imesimama saba, mlango umefunguka. Halafu miguu ikaanza kushuka ngazi. Polepole, guu moja, kupumzika, guu jingine. Magoti yale nayajua.

Alikuwa amekiona kiti kupitia kile kioo akiwa ameshapita. Kwa hiyo akashukia kwake na akateremka ghorofa nzima kwa miguu, Fundi Saa, mtu ambaye anaapa hakanyagi tena ngazi mpaka siku ya kubebwa.

Akakaa. Kiti kikalia. Hakugonga, na mimi sikufungua. Yeye nje, mimi ndani, katikati yetu ubao wa mlango, kila mmoja anasubiri mwenzake. Nikasikia mlio mdogo, kri, kri, kri. Nikavumilia nikashindwa, nikafungua. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni, na hayo magoti yake, kiti amekilaza kama mgonjwa, anakaza mguu wake kwa bisibisi ya saa.

Akaniangalia akasema, "Mama wa Sita, kiti chako kilikuwa kinayumba."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mume wangu. Niliyapanga kwa siku nyingi. Nikasema tu, "Na saa yangu imesimama."

"Najua," akasema. "Niingie, au umechoka na sisi?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia sijachoka, nimekaa humu ndani nawasikia mkipita na nilidhani nyinyi ndio mmechoka na mimi. Sijawahi kumwambia mtu kitu kama hicho nikiwa na akili zangu timamu. Akasema sote tumekuwa wajinga, na kwamba Nesi ndiye mjinga mkuu, twende tukamwambie. Nikamwambia huendi popote na magoti hayo. Nikachukua ufagio nikaipiga dari mpaka Nesi akashuka mbio na kandambili akidhani nimeanguka.

Siku ile ile viti vyote vikatoka. Sasa nakupa habari ya sayansi, andika vizuri. Lifti haina tatizo lolote. Inafanya kazi kuliko siku zote. Lakini Mama Mapacha anashukia sita, anakaa, anakunywa chai, kisha anabeba watoto wake na mifuko yake anapanda hadi tisa kwa miguu. Nesi anapanda mpaka saba kwa miguu. Nimewaambia lifti ile pale, bonyezeni tu. Nesi akasema akiisubiri ifike atakuwa ameshakaa tena. Sijui hiyo utaiweka kwenye nadharia ipi. Na siku hizi lifti haitoi tena ile pumzi kwangu, kwa sababu haipiti.

Kuhusu huruma. Nimewaangalia wanavyokaa. Wanajaza kiti chote. Basi, nimekubali nimekosea, mwambie mwalimu wako asinirudishie karatasi.

Jana ndiyo ilikuwa tarehe ishirini na saba. Mama yako hakuwa na habari yoyote, nilitaka kumwandikia nikaogopa atasema namdanganya. Lifti ikasimama sita, mlango ukafunguka, akatoka na lile sanduku lake kubwa, tupu, la kunifungia nguo. Viti vyote vimejaa. Kigoda kimekaliwa. Pacha mmoja yuko sakafuni, mwingine yuko juu yangu. Mama yako akasimama mdomo wazi, watu nao wakamwangalia, maana hakuna aliyemtambua.

Mama Mapacha akamuuliza kwa upole, "Dada, wewe ni wa ghorofa ya ngapi?"

"Nimekuja kwa mama," akasema.

"Sote tumekuja kwa mama," Mama Mapacha akamwambia. "Subiri kidogo, Fundi Saa anakaribia kuinuka."

Fundi Saa hakuinuka. Nilimwona mama yako anataka kukasirika, kisha mdomo ukaanza kumcheza, kama alivyokuwa akifanya utotoni akishindwa mchezo. Akalilaza sanduku kwenye sakafu, akalikalia. Likabonyea kidogo katikati, kwa sababu halina kitu. Nesi akampa kikombe.

Yupo mpaka Jumapili. Kiti kimepatikana tangu jana, lakini nimemwona asubuhi hii tena amelikalia hilo sanduku nje, anamfundisha pacha kuvaa viatu, na chai yake imepoa.

Mkeo wa siku zote,
Mama wa Sita